Kiinua Mgongo Si Mtaji: Mwaka wa Kwanza Hela Ilale

Swali ni lile lile, iwe Tabora au Mtwara, kwa mwalimu au kwa nesi, kwa dereva wa halmashauri au kwa mhasibu aliyehesabu hela za serikali maisha yake yote. Kwenye semina ya wastaafu watarajiwa naeleza michango, naeleza kikokotoo, naeleza bima ya afya. Mikono inanyooshwa, na wa kwanza anasimama: "Mwezeshaji, hiyo hela ikitoka, nifanye biashara gani?" Wakati wa chai wananifuata wengine walioona aibu kuuliza mbele za wenzao, nao wanauliza hilo hilo kwa sauti ya chini. Wapo ambao wameshajijibu zamani. Wana kuku wa mayai kichwani, au Hiace, au fremu nne za kupangisha kule Chanika, na wanachotaka kwangu ni baraka tu.

Sitoi baraka hiyo. Kulijibu swali hilo kwa kutaja biashara ni kumpotosha anayeuliza, kwa sababu limebeba makosa mawili kabla sijafungua kinywa: kwamba fedha ya mkupuo, yaani kiinua mgongo, ni mtaji, na kwamba ina haraka. Yote mawili si kweli, na yote mawili yanawaumiza watu waliofanya kazi kwa uaminifu miaka 30.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanakijadili kikokotoo kwa hasira bila kukikokotoa. Mchukue mtumishi anayestaafu akiwa na miaka 60. Amechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake bora ni shilingi milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Zidisha milioni 12 kwa 360, gawanya kwa 580. Unapata shilingi 7,448,276. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka kama asingechukua chochote mapema. Tangu mwaka wa fedha 2024/25, waliotoka kwenye iliyokuwa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF wanalipwa asilimia 40 ya pensheni hiyo kwa mkupuo, na waliotoka kwenye mifuko mingine asilimia 35. Kabla ya hapo, tangu Julai 2022, ilikuwa 33. Asilimia 40 ya pensheni ya mtumishi wetu ni shilingi 2,979,310. Zidisha kwa 12.5. Mkupuo wake ni shilingi 37,241,379. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, naye atalipwa shilingi 372,414 kila mwezi maisha yake yote.

Sasa itazame hiyo 12.5, maana ndiyo inayorukwa na watu wote. Ni miaka. Sehemu ya pensheni unayoikata ili upewe mkupuo ni shilingi 248,276 kwa mwezi. Mfuko unaihesabu kwa miaka 12 na nusu, miezi 150, kisha unakupa yote siku moja. Kwa hiyo zile milioni 37 zinazoingia kwenye akaunti na kukufanya usilale usiku ni mshahara wako wa uzeeni kuanzia miaka 60 hadi 72 na nusu, uliotangulizwa. Hakuna aliyekuzawadia kitu, wala hujapata bahati. Umekabidhiwa chakula cha miezi 150, na swali la kwanza unaloniuliza ni wapi pa kukiweka rehani.

Wanaolalamikia asilimia nawaelewa. Kanuni za mwaka 2018 zilipotaka mkupuo wa asilimia 25, wafanyakazi walipaza sauti hadi Rais Magufuli akazisimamisha Desemba mwaka huo huo, na vyama vya wafanyakazi vina haki ya kuendelea kudai kilicho bora. Lakini nawaomba tuseme ukweli. Enzi za asilimia 50 na kigawanyo cha 540, wastaafu walipokea mkupuo mnono kuliko huu, na bado tulikuwa nao waliomaliza kila kitu kabla ya mwaka kuisha. Asilimia kubwa haimwokoi mtu mwenye haraka. Inampa tu kikubwa zaidi cha kupoteza.

Nyuma ya haraka hiyo kuna imani moja, na hiyo ndiyo nataka kuivunja leo: kwamba hela ikilala inaoza. Nimeisikia ofisini, msikitini, kanisani, kwenye vikao vya familia. "Izungushe kabla haijaisha." "Hela haikai bure." Anayeisema huisema kwa uhakika kama anataja tarehe.

Imani hiyo ina kwao, na kwao ni sokoni. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiiacha hela imelala anapata hasara kweli. Ana duka linalodaiwa kodi, ana wateja watakaokwenda kwa jirani wakikuta rafu tupu, anamjua wa kumkopesha na wa kumkwepa, na akikosea mzigo mmoja anaufidia kwa mwingine, maana ana miaka mbele yake. Mstaafu hana hata kimoja katika hivyo. Kuchukua kanuni ya mtu aliyekulia dukani na kuifunga kwa muuguzi aliyemaliza zamu yake ya mwisho Ijumaa iliyopita ni kumtakia mabaya, hata kama msemaji ana nia njema.

Haya, tuipime kwa namba. Mfumuko wa bei nchini kwa miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na zaidi kidogo ya 4 kwa mwaka. Chukua 4. Mtumishi wetu akiziacha milioni 37 zake mwaka mzima kwenye akaunti ya kawaida isiyompa hata senti, nguvu ya hela yake ya kununua itapungua kwa kama milioni moja na nusu. Hiyo ndiyo gharama yote ya subira, tena ya subira iliyofanywa vibaya kuliko zote. Iweke upande mmoja. Upande wa pili weka Hiace iliyonunuliwa kwa milioni 28 mwezi wa pili baada ya kustaafu, inayopaki kwa fundi kufikia mwezi wa tisa. Nani hapo ameoza?

Maana Hiace hiyo naijua, hata kama sijapanda. Mstaafu anaitwa tajiri na dereva wake, na kwa wiki za kwanza jina hilo ni tamu. Hesabu inaletwa kila jioni. Halafu inaletwa pungufu, kwa sababu trafiki, kwa sababu mvua, kwa sababu tairi. Yeye hajui bei ya tairi, hajui gari likilia vile lina nini, hajui kama kweli siku ile halikuingia barabarani. Hesabu aliyokuwa akiipokea akaiona faida, kumbe ndani yake kulikuwa na injini: kila siku gari lilipomletea hela lilikuwa linachakaa, na hela ya kulifufua alishaila. Hakuna uovu wowote hapo, wala dereva hakuwa lazima mwizi. Ni kazi ya watu, ina wenyewe, na wenyewe waliisomea barabarani kwa miaka kama yeye alivyosomea yake.

Kuku wa mayai ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu wanauzwa kwa wastaafu kama biashara ya haraka. Kuku wa mayai hataki haraka hata kidogo. Kifaranga wa siku moja anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kabla ya hapo anakula, anachanjwa, anakunywa dawa, anahitaji joto usiku na mtu wa kumwangalia. Miezi minne na nusu hivi bila yai moja. Akianza kutaga, kila kuku anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 500 ni kilo 60 kwa siku; mfuko wa kilo 50 hautoshi kufika jioni. Kwa mwezi ni mifuko 36. Ukikosa hela ya mifuko hiyo wiki mbili tu, utagaji unaanguka na haurudi kirahisi pale ulipokuwa. Kideri kikipita bandani ambako chanjo ilicheleweshwa, asubuhi unahesabu mizoga. Wafugaji wazuri wapo, tena wengi, na mayai tunayokula yanatoka kwao. Waulizeni walianza na kuku wangapi. Watawaambia 50, au 100, wakajifunza kwa hasara ndogo walizoweza kuzimudu. Mstaafu anaanza na 500 kwa sababu hela ipo na mtu kamwambia isilale.

Nyumba nayo nitaitaja kwa kifupi, ingawa najua nagusa pabaya. Kujenga pa kuishi ni jambo la lazima, na lilipaswa kuwa limekwisha, au limekaribia kwisha, kabla ya barua ya kustaafu. Kuanzisha jengo jipya la kupangisha kwa mkupuo ni jambo jingine. Mapagala yaliyoishia kwenye linta pembezoni mwa kila mji wetu, Kibaha, Dodoma, Morogoro, mengi yana hela ya kiinua mgongo ndani ya kuta zake. Kuta ndizo rahisi. Paa, madirisha, umeme, maji, choo na rangi vinakuja baadaye, na vinamkuta mwenye nyumba hana kitu. Pagala halimwingizii mtu kodi.

Juu ya yote hayo wamekaa wauza miujiza. Walio na umri wangu wanaikumbuka DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu wavune maradufu, hadi mamlaka zilipoingilia mwaka 2009 na kuitangaza kuwa haramu. Kenya waliona homa ya kware ya mwaka 2013 na 2014: yai la ndege mdogo likasifiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, bei ikapaa, watu wakamwaga akiba kwenye vizimba, kisha kila mtu akawa muuzaji na hakuna mnunuzi. Tangu hapo miujiza imebadilisha majina na kuhamia kwenye simu. Sura yake haijabadilika: faida ya uhakika, muda mfupi, na dirisha linalofungwa kesho. Upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai Tanzania, lakini sheria humkuta mkosaji baada ya hela kuondoka. Kinga inayofika mapema ni moja tu, nayo ni mtu kukataa kuharakishwa. Mpango wowote ambao hautakuwepo mwakani haukufai, kwa sababu wewe mwakani utakuwepo, na utakuwa unakula.

Naulizwa: mbona fulani alistaafu akafungua duka la pembejeo, na leo ana mawili? Nenda kamuulize lini alianza. Mara nyingi utakuta duka lilikuwepo miaka saba kabla ya kustaafu, mke akiuza, yeye akipita jioni baada ya kazi. Kiinua mgongo kilikuta biashara inayotembea kikaipanua. Wanaoiga mfano wake wanaiga siku ya mwisho na kuiacha ile miaka saba.

Kuna hofu nyingine inayojificha ndani ya swali hili, na hii naiheshimu. Watu wanaogopa kukaa. Wamewaona wenzao waliostaafu wakinyauka ndani ya miaka miwili, wakahitimisha kuwa kukaa bila biashara ndiko kulikowaua. Ni kweli kwamba mwili na akili vinahitaji kazi, na mtu aliyeamka saa kumi na moja miaka 30 hawezi kugeuzwa kuwa mtu wa kukaa barazani kwa siku moja. Lakini hapa mahitaji mawili yamechanganywa. Haja ya kuwa na la kufanya haikulazimishi kuhatarisha milioni 37. Bustani ya mchicha, kufundisha watoto wa mtaa hesabu, uhasibu wa kanisa, uongozi wa kamati ya maji, kutembea kila asubuhi na rafiki: vyote hivyo vinaujaza mchana, na gharama yake ni ndogo mno. Shughuli tafuta mapema, hata siku ya kwanza. Hatari iahirishe.

Basi subira inatoka wapi? Wengi wanadhani mtu huzaliwa nayo, au huipata mvi zikishaota. Hapana. Wakati mbaya kuliko yote wa kuanza kujifunza subira ni wiki ambayo simu imekuletea ujumbe wa benki wenye tarakimu nane. Ni wakati ambao usingizi umekukimbia, jina lako la kazini limeondoka, na kila aliyekufahamu anapiga simu. Kijana wako anakuja na mchongo. Mtoto wa dada yako ana ada. Shemeji ana kiwanja ambacho "mwenyewe anauza kwa shida." Mtu asiyejizoeza kusema "subiri" kwa laki moja hataweza kulisema kwa milioni 30. Subira ya kustaafu inajengwa ukiwa na miaka 55, 56, 57, mshahara ukiwa bado unaingia na makosa yakiwa bado madogo.

Na adui wake mkubwa kazini ni mkopo. Naisema hii hasa kwa walimu na wauguzi, kwa sababu ninyi ndio mnaowindwa. Mkopo wa kausha damu, ambao mkopeshaji anabaki na kadi yako ya benki na namba ya siri, umewafikisha watu kwenye kustaafu wakiwa wameshakula pensheni ambayo haijaanza. Mkopo mkubwa wa benki uliochukuliwa mwaka wa mwisho kabisa kazini, kwa hesabu ya "mafao yatalipa," ni haraka ile ile iliyovaa suti. Ukiwa na miaka mitano kabla ya kustaafu, usichukue mkopo mpya ambao marejesho yake yanavuka tarehe ya mwisho ya mshahara. Uliopo, umalize. Kadi yako ikae mfukoni mwako.

Zoezi linalofundisha kuliko semina zangu zote ni hili. Piga hesabu ya pensheni yako ya mwezi kama nilivyofanya hapo juu. Halafu, ukiwa bado kazini, ishi kwa kiasi hicho kwa miezi 12. Kwa mtumishi wa mfano wetu ni shilingi 372,414. Kinachozidi kwenye mshahara baada ya makato kinakwenda kulipa madeni, na madeni yakiisha kinakwenda akiba. Miezi ya kwanza inauma. Utagundua ni michango mingapi ya harusi uliyokuwa ukitoa kwa sababu tu ulionekana una mshahara. Mwenza wako atagundua pia, na mtagombana, na ni heri mgombane sasa. Wanandoa wengi hawajawahi kukaa nyumba moja mchana kutwa tangu waoane. Nani anashika hela ya sokoni, nani anawajibu ndugu, nani anaamua kurudi kijijini na nani hataki, yazungumzeni mkiwa na mwaka wa kuyamaliza. Aliyeupitia mwaka huo haniulizi tena biashara gani. Ananiuliza hatifungani zinanunuliwa vipi.

Ipo pia subira ya lazima, ya kusubiri malipo yenyewe, na nusu ya mateso yake yanazuilika. Mafaili yanakwama kwa mambo madogo: jina la kwenye kitambulisho cha NIDA ni Mohamed na la kwenye barua ya ajira ni Muhamadi, tarehe ya kuzaliwa inatofautiana, mwajiri wa miaka ya nyuma hakupeleka michango ya miezi kadhaa, barua ya kupandishwa cheo haionekani. Kila kasoro ya namna hiyo inatibika ukiwa kazini, ukiwa na ofisa utumishi anayekujua na mlango unaoweza kuugonga. Ukishatoka, inakuwa safari. Angalieni taarifa za michango yenu sasa, PSSSF au NSSF, kwa simu au ofisini, mwezi kwa mwezi. Kumbukeni pia kwamba pensheni ya kila mwezi inataka miezi isiyopungua 180 ya michango. Mtu wa miezi 174 anayestaafu kwa hiari kwa sababu amechoka anajinyima haki kwa miezi sita.

Sasa njia zenyewe za kuitunza hela, harakaharaka, maana hizi ndizo rahisi na zimeandikwa kila mahali.

Mkupuo ukiingia, usiguse kitu kwa siku 90 isipokuwa madeni na matibabu. Toa gharama za miezi sita za nyumbani, ziweke mahali unapoweza kuzichukua ndani ya siku chache. Mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS unatosha kwa hilo. Kinachobaki kifunge. Amana ya muda maalumu ya benki ya miezi 12 ina faida mbili: riba, na jibu la heshima kwa ndugu, kwamba hela imefungwa hadi mwakani. Wajibu hivyo bila kuona haya, ni kweli. Mwaka ukiisha, fikiria hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, za miaka 2 hadi 25, riba ikilipwa kila baada ya miezi sita. Benki yako au dalali wa hisa aliyesajiliwa atakufungulia akaunti. Riba hubadilika mnada kwa mnada, lakini kwa mfano tu, milioni 30 kwa asilimia 10 ni milioni 3 kwa mwaka, sawa na 250,000 kwa mwezi. Ilinganishe na ile 248,276 uliyoikata kwenye pensheni: umejirudishia, na milioni 30 bado zipo. Usiyetaka usumbufu wa minada, mfuko wa hatifungani wa UTT AMIS unalipa gawio kila mwezi kwa anayeanza na milioni 10, au kila nusu mwaka kwa anayeanza na milioni 5. Usiweke zote kwenye miaka 25 ukiwa na miaka 60. Changanya mifupi na mirefu. Andika wosia. Mwenza wako ajue kila akaunti. Uliza NHIF mapema kuhusu bima yako na ya mwenza baada ya kustaafu, kabla kadi ya kazini haijakoma. Fanya uhakiki wa wastaafu kila unapotakiwa, pensheni isije ikasimamishwa. Pima shinikizo la damu na sukari mwaka huo wa kwanza, na miwani kama unaihitaji.

Na biashara? Kama kweli unaipenda, ianze leo ukiwa kazini, kwa hela ya mshahara, kwa ukubwa ambao ikifa hutalia. Kuku 50. Ekari moja ya alizeti. Meza moja ya vitambaa. Ikiishi miaka miwili chini ya macho yako, kiinua mgongo kitaikuta, na hata hapo usiipe zaidi ya robo.

Kwa hiyo ukija kwenye semina ijayo, njoo na karatasi yenye namba nne: miezi yako ya michango, wastani wa mshahara wako, mkupuo wako kwa makadirio, na pensheni yako ya mwezi. Uliza kama michango yako imetimia. Uliza jina lako likoje kwenye mfumo. Uliza mkopo wako unaisha lini. Swali la biashara gani liweke kando kwanza. Uishi kwa pensheni miezi 12, kisha nitafute. Nitakaa na wewe mezani na kuijadili biashara hiyo kwa muda wote utakaoutaka.